Shingo ya Ganda: Kuchagua Mkazo wa Risasi kwa Raifo ya Uwindaji

Mzee anayetia jembe mpini kule wilayani Mkalama, mkoani Singida, hapimi kwa rula. Anatoboa mpini, anaingiza mkia wa jembe, anagonga kitako cha mpini chini mara mbili tatu, halafu anasikiliza. Tundu likiwa dogo mno, mpini unapasuka. Likiwa kubwa mno, jembe linachomoka katikati ya tuta na kumjeruhi anayelima karibu. Wahadzabe wa Munguli, katika wilaya hiyohiyo, wana hesabu ya namna hiyo kwenye mshale: jinsi mkia wa chembe unavyokaa ndani ya uti kabla ya kufungwa kwa kano. Anayejaza risasi za raifo kwa mkono wake anashughulika na jambo lilelile, ila kwa vipimo ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Kichwa hakikugundishwa wala kuchomelewa mahali pake. Kimeshikwa na shingo ya ganda peke yake, kwa sababu shingo ilibanwa ikawa nyembamba kidogo kuliko kichwa, kisha kichwa kikasukumwa ndani kwa nguvu. Tofauti hiyo kati ya upana wa kichwa na upana wa ndani wa shingo, kabla kichwa hakijaingia, ndiyo tutakayoiita mkazo wa shingo.

Fataki inapowaka, gesi ya baruti huitanua shingo na kichwa huachiwa. Shingo ikishika kwa nguvu, kichwa huchelewa kidogo na shinikizo la mwanzo hupanda. Ikishika kwa ulegevu, kichwa huwahi kuondoka. Bunduki inaweza kuizoea hali yoyote kati ya hizo mbili. Isichoweza kuzoea ni risasi moja kushikwa hivi na inayofuata kushikwa vile, maana kasi hubadilika kutoka mlio mmoja hadi mwingine.

Chukua raifo ya .30-06 inayotoa kichwa kwa mita 820 kwa sekunde. Risasi moja ikipungukiwa mita 15 za mwendo huo, kwenye mita 100 itashuka milimita chache tu, na hutaziona. Kwenye mita 300 utapoteza kama sentimita tatu. Hizo ukiziongeza kwenye upepo, pumzi yako na mkono uliochoka kwa kutembea tangu alfajiri, zinatosha kuitoa risasi kwenye moyo wa mnyama na kuipeleka mahali pa kumjeruhi tu. Ndiyo sababu naliona jambo hili kuwa la wajibu kwa mnyama, na la usalama kwa watu watakaofuata damu yake vichakani.

Kabla hujagusa chombo chochote, nenda polisi. Umiliki wa silaha na risasi Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai hata kama raifo yako ina leseni safi. Leseni ya kumiliki bunduki haikupi ruhusa ya kukaa sebuleni na kopo la baruti. Uliza kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi. Kama kibali hakipo, usijaribu. Sehemu ya mwisho ya mwongozo huu inamhusu mwenye leseni anayenunua risasi za kiwandani, na karibu kila kitu kinachosemwa hapa kuhusu shingo kitamsaidia kuzichagua.

Sasa vipimo. Vifaa vya kazi hii karibu vyote vimeandikwa kwa inchi, kwa hiyo zoea kuhesabu kwa sehemu za elfu za inchi. Unywele wa mtu una unene unaokaribia 0.003. Mkazo tunaouzungumzia uko kati ya 0.001 na 0.003, yaani usiozidi unywele mmoja. Kalipa ya bei rahisi inayoyumba kwa 0.001 haitakusaidia, kwa sababu kosa lake linalingana na kitu chenyewe unachokitafuta. Kama una fedha ya chombo kimoja tu kizuri, nunua maikromita.

Njia rahisi ya kuujua mkazo ni kupima nje ya shingo mara mbili: kwanza ganda likiwa limebanwa bila kichwa, kisha ganda hilohilo kichwa kikiwa ndani. Tofauti ndiyo mkazo wako. Kwa mfano, kichwa cha .30-06 kina upana wa 0.308. Kama ukuta wa shingo una unene wa 0.014 kila upande, shingo iliyobeba kichwa itakuwa 0.336 kwa nje. Ukitaka mkazo wa 0.002, shingo tupu inapaswa kutoka kwenye kalibu, yaani chombo cha kubania shingo, ikiwa 0.334. Pima maganda kumi na uyaandike yote. Ukipata moja 0.334, jingine 0.335, la tatu 0.3325, usianze kufikiria mkazo upi ni bora. Bado huna mkazo hata mmoja, una mitatu.

Chanzo cha hitilafu hiyo kwa kawaida ni unene wa shingo. Maganda ya viwanda tofauti, na hata ya kiwanda kimoja yaliyotoka nyakati tofauti, hayana kuta sawa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza haihitaji mashine: usichanganye maganda. Weka ya alama moja pamoja, yaliyopigwa mara moja pamoja, yaliyopigwa mara tatu pamoja. Sanduku la maganda ya kuokota kutoka kambi mbalimbali za uwindaji ni sanduku la matatizo, hata yakiwa yanang'aa.

Kuna njia mbili za kuufikia upana unaoutaka. Ya kwanza ni kalibu yenye bushi ya kubadilishwa, ambayo hubana shingo kutoka nje hadi kipimo kilichoandikwa juu yake. Ya pili ni kubana shingo zaidi ya unavyotaka, kisha kuipanua kutoka ndani kwa kijiti cha chuma kilicholainishwa, chenye upana kamili. Mimi naipendelea ya pili kwa mtu anayeanza, kwa sababu kasoro za unene wa ukuta husukumwa nje, na sehemu ya ndani inayoshika kichwa hubaki mviringo na iliyonyooka. Kalibu za kawaida zenye kitufe cha kupanulia katikati ya fimbo nazo hufanya kazi, lakini kitufe kinapovutwa kurudi juu kupitia shingo kavu huivuta na kuipinda. Kama hiyo ndiyo unayo, paka ndani ya shingo kilainishi kidogo kabla ya kuivuta.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba shaba iliyochanganywa na zinki ina kumbukumbu. Ukiibana hurudi nyuma kidogo. Ukiipanua hurudi ndani kidogo. Kiasi inachorudi hutegemea ugumu wake, na ugumu huongezeka kila inapopigwa na kubanwa tena. Ganda lililotumika mara sita haliko kama lilivyokuwa jipya: bushi ileile iliyokupa 0.002 mwanzoni sasa inakupa kitu kingine, na hata kipimo kikilingana, nguvu ya kushika imebadilika. Dawa yake ni kuipasha shingo moto ili kuilainisha. Moto huo uguse shingo na bega la ganda tu. Kitako cha ganda kisipate joto kabisa, kwa kuwa ndicho kinachobeba shinikizo lote mbele ya uso wako, na kitako kilicholainika kinaweza kupasuka. Kama huna kifaa kizuri wala mtu wa kukuonyesha kwa macho yako, acha kupasha moto. Tupa maganda yakichoka, anza na mapya. Hasara ya maganda ishirini inavumilika.

Kuhusu usafi nina ushauri unaowashangaza wengi. Usiisafishe ndani ya shingo mpaka ing'ae kama kioo. Masizi membamba yanayobaki baada ya kupiga husaidia kichwa kuteleza kwa namna ileile kila mara. Shingo iliyosafishwa mno huweza kung'ang'ania kichwa, hasa risasi ikikaa miezi kabla ya kutumika, na hapo kipimo chako cha 0.002 kinakuwa hadithi. Futa vumbi, pitisha brashi ya nailoni mara chache, basi. Idadi ya mara hizo iwe ileile kwa kila ganda.

Tuje kwenye kuchagua. Anza na 0.002. Kwa raifo nyingi za magazini zinazotumika kwa uwindaji, hapo ndipo pa kuanzia, na mara nyingi ndipo pa kumalizia. Mkazo wa 0.001 unawafaa wapiga shabaha wanaoingiza risasi moja moja kwa mkono kutoka kwenye meza tulivu. Risasi zao hazijui shida. Ukipita 0.003 hupati mshiko zaidi kama unavyodhani. Shingo ikishafikia kikomo cha kunyumbuka, kichwa chenyewe huipanua kinapoingia, na unachozidisha ni kukikwaruza kichwa na kukipindisha.

Lakini nambari haichaguliwi mezani peke yake. Jiulize risasi itaishi wapi kabla ya kupigwa. Mkoa wa Singida una sura mbili zinazodai majibu tofauti. Mbuga ya Wembere, upande wa magharibi, ni tambarare wazi ambako mnyama huonekana kutoka mbali, na hapo usawa wa kasi ndio unaokupa haki ya kufyatua au kukunyima. Kusini, katika pori la akiba la Rungwa na majirani zake Kizigo na Muhesi, unaingia miombo na vichaka. Na kile kichaka cha Itigi, msitu mfupi uliosongamana ambao wanasayansi wa mimea wanaufahamu kwa jina la mji huo, hukufungia macho katika hatua chache tu. Humo hakuna shabaha ya mita 300. Kuna nyati aliyesimama karibu sana, na risasi ya pili ambayo lazima iingie kwenye chemba bila kukwama.

Njiani kwenda huko risasi zako zitatingishwa kwa saa nyingi kwenye barabara ya vumbi, zitakaa kwenye mkanda wa kiunoni, zitagongana. Halafu kuna teke. Raifo ya .375 H&H, ambayo ndiyo kiwango cha kuanzia kwa wanaofuata nyati, humpiga mpigaji bega kwa nguvu, na risasi zilizobaki kwenye magazini hupigwa pamoja naye. Ncha zake hugonga ukuta wa mbele wa magazini. Shingo ikiwa legevu, kichwa husukumwa ndani ya ganda, nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linaweza kupanda hadi pabaya. Au kinyume chake: ganda linarudi nyuma na kichwa kinabaki mbele, risasi inarefuka na kukwama siku ya shida.

Kwa hiyo fanya jaribio hili kabla ya jingine lolote. Jaza magazini. Risasi ya chini kabisa ipime urefu kwanza, uandike. Piga zilizo juu yake. Toa ile ya chini, ipime tena. Irudishe, jaza juu yake, piga tena, pima. Ikibaki urefu uleule baada ya mateke manne au matano, shingo yako inafaa kwa bunduki hiyo. Ikisogea hata kwa 0.005, haifai, hata kama jana ilitoboa matundu matano yanayofunikwa na sarafu. Hapo ongeza mkazo hadi 0.003. Ikiwa bado inasogea, tumia vichwa vyenye mfereji wa kukazia na ukunje mdomo wa shingo ndani ya mfereji huo. Kwa raifo za .375 kwenda juu mimi hukunja daima, bila kusubiri jaribio linishawishi. Hakikisha tu maganda yote yana urefu sawa, maana mdomo mrefu utakunjwa zaidi ya mfupi, na umerudisha ukosefu wa usawa kwa mlango wa nyuma.

Historia ya raifo za Afrika inaunga mkono tahadhari hii. Mabingwa wa Uingereza waliotengeneza .416 Rigby mwaka 1911 na .375 H&H mwaka 1912 waliyapa maganda yao nafasi kubwa, kwa kuwa baruti ya wakati ule, iliyoitwa kordaiti, ilipandisha shinikizo kwenye joto la nchi zetu. Miaka arobaini na kitu baadaye, mwaka 1956, Marekani ilileta .458 Winchester Magnum, yenye ganda fupi ambalo baruti yake ililazimika kushindiliwa. Baruti iliyoshindiliwa hukisukuma kichwa kutoka ndani kama unga uliofungwa kwenye gunia lililojaa kupita kiasi, na ikikaa muda mrefu hugandamana. Malalamiko ya risasi kukosa nguvu yalienea kambini. Mmarekani Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati huko Msumbiji mwaka 1959, ndiye aliyekuja na ganda refu zaidi linalobeba jina lake, .458 Lott. Somo kwa anayejaza ni moja: kama baruti yako inashindiliwa na kichwa kinapoingia, shingo ina kazi mbili, na lazima uipime tena kesho yake na wiki ijayo kuona kama kichwa kimeanza kupanda.

Sasa jaribio la shabaha. Chagua kiasi cha baruti kutoka kitabu cha mtengenezaji, kiwe cha katikati na si cha juu, na usikibadilishe tena. Usibadilishe fataki, kichwa, wala urefu. Andaa risasi kumi za mkazo wa 0.001, kumi za 0.002 na kumi za 0.003. Kama raifo yako ni ya teke kubwa, ziache za 0.001, umeshajua hazifai. Usipige kumi za kwanza zote kisha kumi za pili, kwa sababu mtutu utapata joto, upepo utabadilika na bega litachoka, nawe utaulaumu mkazo. Piga moja ya kila aina kwa zamu, kila aina na karatasi yake, ukiacha mtutu upoe. Kama una kifaa cha kupima kasi, andika kila mlio.

Watu wengi huridhika na risasi tatu. Tatu hudanganya. Zikikusanyika unafurahi, na kesho yake hazikusanyiki. Kumi huanza kusema ukweli. Usitazame tundu lililo bora. Tazama lililo mbali zaidi na wenzake, maana hilo ndilo linaloweza kukutokea siku ya mnyama. Na kama karatasi mbili zinafanana, chukua mkazo mkubwa zaidi kati ya hizo mbili. Karatasi haina magazini wala barabara ya Itigi.

Piga jaribio katika joto utakalowindia. Singida mjini ni kama mita 1,500 juu ya bahari, asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali ya upepo, na saa nane mchana jua linapasua. Risasi iliyokaa kwenye dashibodi ya gari lililofungwa vioo haina kasi sawa na iliyokaa kivulini. Ziweke kwenye sanduku, chini ya kiti, mbali na jua, siku ya jaribio na siku ya safari.

Wakati wa kuingiza vichwa, mkono wako nao ni kipimo. Shusha mkono wa presi, mashine ya kuingizia vichwa, polepole na usikilize ukinzani. Kichwa kikiingia kama kinateleza kwenye mafuta wakati vingine vilikuwa na ugumu wa wastani, weka risasi hiyo pembeni. Kikikwama na kuingia kwa kishindo, nacho weka pembeni. Hizo za pembeni ni za mazoezi, zisifike porini. Nimeona mtu akizichanganya kwa kuona aibu ya kupoteza risasi sita, na moja kati ya hizo sita ndiyo iliyokuwa kwenye chemba jioni ambayo pofu alisimama kwa sekunde mbili ukingoni mwa korongo. Alifuatwa hadi giza. Hakupatikana.

Kwa mwenye leseni anayenunua risasi za kiwandani, ambao ndio wengi wetu: huwezi kuchagua mkazo, lakini unaweza kuchagua usawa. Kila sanduku lina namba ya toleo ubavuni. Nunua masanduku yenye namba moja ya kutosha msimu mzima, kadiri leseni yako inavyoruhusu, badala ya moja leo na jingine mwezi ujao. Pima urefu wa risasi kumi. Zikitofautiana sana, muuzaji akupe toleo jingine. Shika kichwa kwa vidole ujaribu kukizungusha. Kikizunguka, irudishe dukani, usiipige. Chunguza mdomo wa shingo kwa mwanga wa jua utafute ufa mwembamba, hasa kwenye risasi zilizokaa dukani miaka mingi. Kisha fanya lile jaribio la magazini kama lilivyo.

Daftari nalo. Andika tarehe, joto la hewa, alama ya ganda, limepigwa mara ngapi, upana wa shingo tupu, upana wa shingo iliyobeba, urefu, na umbali wa tundu lililopotea zaidi. Ukifika kwenye lango la pori la akiba, kabla ya safari ya kwanza, omba mahali panaporuhusiwa kupiga risasi mbili za kuhakiki darubini baada ya mitikisiko ya njiani. Ile iliyobaki chini ya magazini itoe, ipime, na uilinganishe na uliyoandika nyumbani.